Mchoro Uliokubali Kuvutwa

Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran aliyefanya kazi yake Baghdad, alifariki mwaka 901 akiwa ameacha maandishi mengi ya hisabati na elimu ya nyota kwa Kiarabu. Mojawapo ya aliyoyaacha ni kanuni kuhusu pembetatu. Ile ya Pythagoras inajulikana na kila aliyekaa darasa la sekondari: pembetatu ikiwa na pembe mraba, miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa inalingana na mraba wa upande mrefu. Thabit akauliza, na isipokuwa na pembe mraba je?

Jibu lake ni hili. Chukua pembetatu yoyote ABC. Kutoka A shusha mistari miwili hadi upande wa BC, wa kwanza uguse kwenye nukta D na wa pili kwenye nukta E, kwa sharti kwamba pembe ADB na pembe AEC kila moja ilingane na pembe iliyopo A. Hapo mraba wa AB ukijumlishwa na mraba wa AC utakuwa sawa na BC mara jumla ya BD na CE. Uthibitisho wake ni mfupi, unategemea pembetatu zinazofanana tu, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuufuata hadi mwisho.

Lakini kwenye karatasi kanuni hii inaonekana kavu. Mchoro ni mmoja, pembe ni moja, na msomaji analazimika kuamini kwamba maneno "pembetatu yoyote" yana maana kweli. Kwenye kioo cha kompyuta mambo hubadilika. Shika nukta A, ivute. Pembe ya A ikiwa butu, D na E zinakaa mbalimbali na kuacha nafasi katikati. Vuta A juu polepole: pembe inapungua, nukta mbili zinasogeleana, na pembe inapofika digrii 90 zinakutana mahali pamoja. Wakati huo BD na CE zinaijaza BC yote bila kubaki kitu, na kanuni ya Thabit inageuka kuwa ya Pythagoras mbele ya macho yako. Endelea kuvuta hadi pembe iwe kali, nazo zinapishana. Kijana aliyeyaona haya kwa mkono wake mwenyewe haambiwi tena kwamba Pythagoras ni hali moja tu ndani ya jambo pana zaidi. Ameshapita hapo.

Uwezo huo wa kuvuta mchoro umefika katika madarasa ya Riyadh na Jeddah kwa njia ndefu, iliyozunguka Marekani, Ufaransa na Austria kabla ya kurudi katika lugha aliyoandikia Thabit.

Mwanzo wake ni mwaka 1963, pale Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, alipoonyesha programu aliyoiita Sketchpad kwenye kompyuta kubwa ya TX-2. Alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye kioo, na mashine ikayashika masharti aliyoipa: mistari hii iwe sambamba, pande hizi zilingane. Kompyuta kama ile haikuwa kitu cha kuwekwa shuleni. Ilibidi kungoja miaka zaidi ya 20, hadi kompyuta ndogo zenye kipanya zilipoanza kuuzwa.

Katikati ya miaka ya 1980, mjini Grenoble, kusini-mashariki mwa Ufaransa, Jean-Marie Laborde na wenzake, wakiwemo Franck Bellemain na Yves Baulac, walianza kutengeneza programu iliyoitwa Cabri, yaani daftari la rasimu. Mwaka 1988 waliionyesha kwenye kongamano la kimataifa la ufundishaji wa hisabati mjini Budapest. Wakati huohuo nchini Marekani, katika chuo cha Swarthmore, Nicholas Jackiw alikuwa akiandika programu ya namna hiyo kwenye mradi ulioongozwa na Eugene Klotz na Doris Schattschneider. Hiyo ilitoka mwaka 1991 kwa jina la Geometer's Sketchpad. Vikundi viwili, bahari ya Atlantiki katikati, vilifikia wazo lilelile.

Wazo lenyewe linastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu wengi wanaotumia programu hizi hadi leo wanalipita bila kulitazama. Kuna tofauti kati ya kuchora na kujenga. Mwanafunzi anaweza kuchora mraba kwa kukadiria kwa jicho: anaweka nukta nne, anaunganisha, anapima, anarekebisha hadi pande zifanane. Unapendeza. Kisha mwalimu anashika kona moja na kuivuta, na mraba wote unavurugika. Mwanafunzi mwingine anaanza na upande mmoja, anasimamisha mistari ya pembe mraba kwenye ncha zake, anazungusha duara lenye nusu kipenyo sawa na upande ule ili apate urefu, anaunganisha. Mraba huu ukivutwa unakua, unapungua, unazunguka, lakini haukomi kuwa mraba. Ndani ya kompyuta, nukta mbili za mwanzo ziko huru na vilivyobaki vyote vinazitegemea kwa mnyororo wa sababu. Ukisogeza nukta huru, programu inakokotoa mnyororo wote upya. Watafiti wa Grenoble, Colette Laborde akiwa mstari wa mbele, waliufanya uvutaji huo kuwa mtihani: mchoro unaovunjika ukivutwa haujajengwa. Kwa maoni yangu, hakuna mtihani wa jometri ulio wa haki kuliko huo. Hauangalii mwandiko wala usafi wa mistari, na mwanafunzi anaweza kujisahihisha bila kumngoja mwalimu.

Mwaka 1995 Cabri iliingizwa ndani ya kikokotoo cha TI-92, na hapo jometri inayotembea ikatosha mkononi. Gharama ndiyo iliyobaki kuwa kikwazo. Kizuizi hicho kilivunjwa Salzburg, Austria, na mwanafunzi Markus Hohenwarter, aliyeanza GeoGebra kama kazi ya tasnifu yake mwaka 2001. Aliunganisha jometri na aljebra: kila nukta iliyochorwa ina namba zake pembeni, kila mlinganyo ulioandikwa una mchoro wake, na ukigusa upande mmoja mwingine unafuata. Mwaka 2002 programu hiyo ilipata tuzo ya Ulaya ya programu za vyuo vikuu, iliyotolewa Ronneby, Sweden. Haikuuzwa. Walimu waliichukua bure, wakaitafsiri katika lugha zao kwa kujitolea, na Kiarabu kikawa miongoni mwa lugha hizo.

Saudi Arabia iliyoipokea ilikuwa na historia yake ya shule. Jeddah, mji wa bandari uliozoea wageni na mahujaji, ulikuwa na shule ya al-Falah tangu mwaka 1905, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Muhammad Ali Zainal Alireza kabla ufalme wenyewe haujaundwa. Riyadh ilipata chuo kikuu mwaka 1957, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mfalme Saud. Jeddah ikafuata mwaka 1967 na kile cha Mfalme Abdulaziz. Elimu ya wasichana ilichelewa. Shule ya Dar al-Hanan ilifunguliwa Jeddah katikati ya miaka ya 1950 kwa juhudi za Iffat, mke wa Mwanamfalme Faisal aliyekuja kuwa mfalme, na shule za serikali za wasichana zikaanza mwaka 1960. Vyuoni, kwa miaka mingi, wahadhiri wa kiume waliwafundisha wanafunzi wa kike kupitia televisheni ya ndani, mwalimu akiwa chumba kimoja na darasa chumba kingine. Kwa hiyo kujifunza kwa kutazama kioo halikuwa jambo geni kwa wanawake waliokuja kuwa walimu wa hisabati. Kilichokuwa kigeni ni kioo unachoweza kukishika na kukigeuza mwenyewe.

Intaneti ilifunguliwa kwa umma mwaka 1999, ikipitia kituo cha sayansi na teknolojia cha KACST kilichopo Riyadh. Mwaka huohuo ulianzishwa mfuko wa vipaji unaojulikana kama Mawhiba. Mwaka 2004 Saudi Arabia ilipeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, mjini Athens. Ndani ya ukumbi wa mashindano yale mtoto haruhusiwi kompyuta wala kikokotoo. Ana kalamu, rula na bikari. Lakini miezi ya mazoezi ni habari nyingine. Wakufunzi wa olimpiadi pande zote za dunia hutumia programu za jometri kuandaa maswali na kuwafanya vijana wakisie: nukta hizi tatu ziko kwenye mstari mmoja kila mara, au ni bahati ya mchoro huu? Unavuta, unaona, kisha unakaa kuthibitisha. Baadaye kambi za mazoezi za timu hiyo zilipata makao katika chuo kikuu cha KAUST, kilichofunguliwa Septemba 2009 huko Thuwal, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Jeddah.

Vipaji vichache, hata hivyo, haviwezi kuficha hali ya madarasa ya kawaida. Katika upimaji wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 2007, wanafunzi wa darasa la nane wa Saudi Arabia walipata wastani wa alama 329 katika hisabati, wakati kiwango cha katikati ni 500. Mwaka huo ulizinduliwa mradi wa Mfalme Abdullah wa kuendeleza elimu ya umma, Tatweer, na kuanzia mwaka 2009 hivi shule zilianza kupokea vitabu vipya vya hisabati vilivyotokana na vya kampuni ya Marekani ya McGraw-Hill na kufanyiwa marekebisho na kampuni ya Obeikan ya Riyadh. Vitabu vya zamani vilianza na kanuni na kumalizia kwa mazoezi. Hivi vilikuwa na kurasa za maabara, zinazomtaka mwanafunzi ajaribu na kukisia kabla hajapewa kanuni.

Hapo lilijitokeza tatizo ambalo watengenezaji wa Grenoble na Salzburg hawakuwa nalo. Hisabati ya shule katika nchi za mashariki ya Uarabuni kwa desturi huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi sin na sad mahali pa x na y, na kwa tarakimu zao. Programu iliyobuniwa Ulaya inaanzia kushoto. Kutafsiri menyu hakutoshi: mtoto anayesoma mlinganyo kitabuni kutoka kulia anaukuta kwenye kioo umegeuzwa, na kazi ya kwanza ya akili yake inakuwa kuugeuza tena. Vitabu vya sekondari ya juu vilihamia kwenye herufi za Kilatini, na mgongano ukapungua kwa wakubwa, huku wadogo wakibaki nao. Jometri yenyewe ndiyo iliyowaokoa wengi. Pembetatu haina kulia wala kushoto pa kuanzia, na mwalimu aliyetaka kuanza kwa usalama alianza nayo.

Matokeo ya TIMSS ya darasa la nane yalipanda hadi 394 mwaka 2011, yakashuka hadi 368 mwaka 2015, yakarudi 394 mwaka 2019. Katika darasa la nne, mwaka 2015, wasichana waliwaacha wavulana kwa tofauti kubwa. Wakati wote huo vyuo vikuu vya nchi hiyo, Chuo Kikuu cha Mfalme Saud kikiwemo, vilitoa tasnifu nyingi kuhusu GeoGebra darasani. Nyingi zina sura moja: darasa moja linafundishwa kwa programu, jingine kwa njia ya kawaida, baada ya wiki chache wote wanapewa mtihani. Kazi hizo zina manufaa yake, ila nadhani zinapima kitu kilicho karibu na jambo lenyewe bila kuligusa. Swali kubwa ni nani aliyejenga mchoro. Mwalimu akija na faili lililokamilika, akalirusha ukutani kwa projekta na kulivuta yeye, wanafunzi wametazama sinema fupi. Wakijenga wao, mchoro ukavunjika, wakatafuta kwa nini, wamefanya jometri.

Nitatoa mfano mmoja ambao mwanafunzi wa Riyadh na wa Jeddah wanaweza kuujenga kila mmoja katika mji wake na wakapata picha tofauti kabisa. Ni mwelekeo wa kibla.

Swali hili liliwashughulisha wanahisabati kwa karne nyingi. Habash al-Hasib, wa karne ya 9, alionyesha jinsi ya kulitatua kwa rula na bikari, kwa kulaza duara za anga juu ya karatasi. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alikokotoa kibla cha Ghazna, katika Afghanistan ya leo, kwa zaidi ya njia moja ili ahakiki jibu lake. Mwaka 1909 James Ireland Craig, Mskoti aliyefanya kazi ya upimaji nchini Misri, alibuni ramani maalumu inayoonyesha mwelekeo wa Makka kutoka kila mahali. Na mwaka 1989 kilijitokeza London, kwenye mnada, kisahani cha shaba kilichochorwa ramani yenye Makka katikati, kazi ya Uajemi ya karne ya 17; mwanahistoria David King alikichunguza na kuonyesha kwamba rula yake inayozunguka inasoma mwelekeo na umbali kwa pamoja. Kile kilikuwa kifaa cha kushikwa na kuzungushwa, na ndiyo maana nakihesabu ndani ya historia hii.

GeoGebra ilipata uwanja wa pande tatu katika toleo la 5, mwaka 2014, na tangu hapo kuujenga mwelekeo wa kibla kumekuwa rahisi. Weka tufe. Weka juu yake nukta ya Makka, nukta ya mji wako na ncha ya kaskazini. Pitisha bapa moja kwenye kitovu cha tufe, mji na Makka. Pitisha la pili kwenye kitovu, mji na ncha ya kaskazini. Pembe kati ya mabapa hayo mawili ndiyo kibla, ikipimwa kutoka kaskazini. Riyadh iko karibu kilomita 790 kutoka al-Kaaba, na kibla chake ni kama digrii 244, kusini-magharibi. Sogeza nukta yako kilomita 40 kutoka mtaa mmoja wa Riyadh hadi mwingine, na mshale wa kibla utageuka digrii tatu tu hivi, tena hizo zikiwa ndizo nyingi kabisa.

Sasa nenda Jeddah. Mji huu uko kiasi cha kilomita 65 hadi 70 tu kutoka Makka na umejinyoosha kwa urefu kando ya bahari. Ukisimama al-Balad, mji mkongwe ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, kibla ni takriban digrii 96, karibu mashariki kamili. Panda kaskazini hadi uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, na kimefika kama digrii 112. Shuka kusini ya mji, na kinaweza kuvuka mashariki na kuelekea kaskazini kidogo. Ndani ya mji mmoja mshale umezunguka zaidi ya digrii 20. Mwanafunzi wa Jeddah aliyejenga tufe lake mwenyewe anauona mshale ukizunguka anapovuta nukta kando ya pwani, na kwa macho yake anaelewa kwamba ukaribu ndio unaofanya mwelekeo ubadilike upesi. Hiyo ni misingi ya trigonometria ya tufe, ameipata kabla ya fomula.

Pwani yetu ina picha yake pia. Vuta nukta hadi Zanzibar au Dar es Salaam: mshale unasimama kama digrii moja tu mashariki ya kaskazini. Mombasa ni chini ya nusu digrii. Matokeo yanaweza kuhakikiwa kwa jua. Karibu na tarehe 28 Mei jua hupita juu kabisa ya al-Kaaba saa 6:18 mchana, na tena karibu na 16 Julai saa 6:27, kwa saa za Makka, ambazo ndizo za Nairobi na Dar es Salaam. Dakika hiyo kivuli cha fimbo iliyosimama wima kinaonyesha kinyume cha kibla, na darasa lenye uwanja na fimbo linaweza kulinganisha kivuli na programu.

Mwezi Machi 2020 shule za Saudi Arabia zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na mwishoni mwa Agosti mwaka ulianza upya kwa mbali kupitia jukwaa la serikali la Madrasati. Kwa ghafla mwalimu hakuwa na ubao. GeoGebra ilikuwa imeshahamia kwenye kivinjari na simu, na mwaka huohuo ilitoa darasa la mtandaoni ambamo mwalimu huona kila mwanafunzi anachojenga wakati anakijenga. Hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko rangi na michoro yote iliyotangulia: sasa mwalimu mwenye wanafunzi 30 angeweza kuona ni wanafunzi gani wanaochora kwa jicho na ni nani anayejenga.

Desemba 2021 GeoGebra ilinunuliwa na kampuni ya India ya BYJU'S, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikaingizwa mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni. Walimu walikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi, kwa kuwa walichokijenga kwa miaka kilikuwa mikononi mwa wengine. Hadi hapo programu ilibaki bure kwa matumizi ya shule.

Basi mwalimu wa hisabati unayesoma haya, uwe Tanga, Kisumu au Jeddah kwenyewe, usianze kwa kutafuta faili lililotengenezwa na mtu mwingine. Wape wanafunzi nukta tatu, A, B na C, waambie sharti la Thabit, kisha waache wajenge D na E wenyewe. Michoro mingi itavunjika ukiivuta mara ya kwanza. Warudishie waijenge tena.